Mtoto mgonjwa halelewi kwa hesabu ya mtoto mzima: barua ya wazi kwa wasimamizi wa huduma za watoto

Langoni, Lamu

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia huduma za watoto na ruzuku za jamii, wa Kaunti na wa Serikali Kuu,

Assalaam alaykum, na salamu kwenu nyote.

MINTARAFU: NYONGEZA YA FEDHA KWA WALEZI WA KAMBO WA WATOTO WENYE MARADHI AU TABIA NZITO

Waheshimiwa, barua hii naiandika hadharani kwa sababu zile tatu nilizozileta kwa mkono hazikujibiwa. Nakala ninazo, zina muhuri wa kupokelewa. Ile ya pili nilipokwenda kuiulizia niliiona kwa macho yangu juu ya meza, ina duara la kikombe cha chai, kwa hivyo sina shaka kwamba ilifika. Ugomvi na vijana wa ofisi sina. Hunipa kiti, huniamkia, huniambia, "Mama, tutakupigia." Huu ni mwezi wa kumi na nne nangojea kupigiwa.

Mimi ni mama wa watoto watatu wa kuzaa, ambao wameshakuwa wakubwa, na wawili wa kulea. Napika mahamri na mbaazi za asubuhi. Mume wangu ni mvuvi. Tunakaa na mama yangu mzazi, ambaye ameshapita miaka 75. Majina ya watoto wa kulea sitayataja, si ya kuandikwa ovyo. Mvulana ana miaka 7, msichana ana 10, na hawana undugu. Wote wawili waliletwa na barua ya ofisi ya watoto, niwalee ingawa sikuwazaa; hayo ndiyo malezi ya kambo ninayoyasemea hapa. Mvulana aliletwa kwa dharura ya siku tatu, na siku tatu hizo sasa zinakwenda mwaka wa tatu. Sijalalamika kuhusu hilo, wala leo silalamiki. Akiondolewa kwangu nitaugua.

Mvulana ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Msichana hana ugonjwa wa kupimwa kwa damu, lakini alikuja na mambo ambayo nitayaeleza kwenye hoja ya pili. Hoja zangu ni nne.

1. Ruzuku ni kiwango kimoja, uzito wa watoto haulingani.

Mpango wa Serikali wa Inua Jamii unalipa Sh2,000 kwa mwezi, iwe ni kwa kaya inayolea yatima, kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, au kwa mzee wa miaka 70 na kuendelea. Kiwango hicho kimesimama hapo kwa zaidi ya miaka kumi, na sote tunajua unga ulikuwa bei gani wakati huo. Kaya ya yatima mmoja na kaya ya yatima wanne zinapata sawa. Mtoto anayelala usiku kucha na mtoto anayekesha akilia, sawa.

Sisi hata hiyo hatuipati. Mama yangu anapokea pesa za wazee, na niliambiwa kanuni ni kwamba nyumba haili mara mbili. Kwa maana nyingine, bibi kizee akila, mtoto wa kulea asile. Niliuliza kama tumwandikie mama nyumba nyingine kwenye fomu, akiwa bado analala chumba kile kile, nikaambiwa hiyo ni hila. Kweli ni hila. Basi nipeni njia isiyo ya hila.

Nikajaribu mlango wa ulemavu. Pale wanaotazamwa ni wale wenye ulemavu mkubwa, wanaohitaji mtu wa kuwashughulikia saa zote. Siku niliyompeleka mtoto ilikuwa siku yake nzuri, akawa anakimbizana na paka uani. Karani akanitazama kama mwongo. Lakini selimundu ndivyo ilivyo: Jumatatu mtoto anacheza mpira, Jumanne hawezi kukunja goti. Chembe zake za damu hujipinda mfano wa mundu, zikaziba njia ndogo za damu, na hapo mfupa huuma kwa ndani. Baridi humchokoza, kiu humchokoza, homa humchokoza, na malaria ndiyo adui yake mkubwa. Kwa hivyo kila siku ana vidonge vya foliki, vya proguanili vya kuzuia malaria, na haidroksiyurea ya kupunguza hayo maumivu, ambayo nayo haitaki kutumiwa bila kupimwa damu mara kwa mara. Dawa ikikosekana dirishani naifuata dukani. Mwezi uliopita haidroksiyurea niliinunua kwa Sh45 kidonge, na humeza kimoja kila siku. Piga hesabu.

Kliniki yake iko Malindi. Mashua ya kwenda Mokowe, upande wa bara, na kurudi kwa watu wawili, Sh600. Basi kwenda na kurudi, maana miaka 7 analipa kiti kizima, Sh3,600. Tuktuk na chakula cha njiani, Sh700. Nimefika Sh4,900 na bado sijaonana na daktari. Kulala nalala kwa binamu yangu bure, Mungu amzidishie.

Lakini gharama kubwa si nauli wala dawa. Nitawapa usiku mmoja tu muuone. Ilikuwa Julai, upepo wa kusi umeshika. Saa nane alinivuta kanga, akasema, "Mama, mguu." Hakulia. Akishaanza kwa neno moja namna hiyo huwa najua usiku huo hatulali. Nikamfunga chupa ya maji moto kwa kitambaa, nikamsugua mafuta ya nazi, nikamnywesha maji kikombe baada ya kikombe, nikampa dawa ya maumivu. Kufika saa kumi alikuwa anawaka homa. Mitaa yetu haina gari, mnajua, kwa hivyo mume wangu akaazima mkokoteni wa jirani wa kubebea saruji, tukautandika godoro. Hatukufika mbali. Kila gurudumu likigonga jiwe mtoto alikuwa anapiga ukelele, mpaka baba yake akaona haya hayafai, akamtoa akambeba mgongoni, na mimi nyuma nimeshika chupa ya maji. Tulilazwa siku nne. Niliporudi nyumbani nilikuta unga wa mahamri niliokuwa nimeukanda usiku ule umefura, umemwagika nje ya beseni, umechacha. Kilo nne. Wateja nao walishapata mahali pengine pa kununua, na siwalaumu, asubuhi haingoji mtu.

Siku nne hizo hazimo kwenye fomu yenu yoyote. Nimezitafuta.

2. Tabia haina cheti.

Hapa ndipo nataka mnisikilize zaidi, kwa sababu mgonjwa wa damu angalau ana kadi ya kliniki.

Msichana alipofika hakusema neno kwa siku tisa. Akisikia komeo la mlango linasukumwa, anapanda darini, hata kama ni usiku wa mvua. Siku moja nikaona sisimizi wamepanga mstari ukutani, nikawafuata mpaka nyuma ya sanduku la nguo: vipande kumi na moja vya mkate, vingine vimeota ukungu. Hakuwa mwizi. Ni mtoto aliyewahi kulala na njaa siku ambazo hakujua zitakwisha lini. Nikachukua kopo la maziwa ya unga, nikaliosha, nikamwekea mkate na tende ndani, nikaliweka rafu ya chini anapofikia, nikamwambia hilo ni lake na hakuna atakayeligusa. Miezi ya mwanzo alikuwa anaamka usiku kulifungua, anatazama, anafunga. Sasa hulifungua Ijumaa hivi, au hulisahau kabisa.

Hayo ni mazuri. Mabaya ni kwamba amevunja kioo cha jirani mara mbili, na mimi ndiye niliyelipa fundi. Ameuma mtoto wa watu. Madrasa wamemrudisha nyumbani, wakamchukua tena, wakamrudisha tena. Shule hunipigia saa nne asubuhi nije nimchukue, saa ambayo ndiyo ya kuuza. Hawezi kuachwa peke yake na wadogo. Hawezi kuachwa peke yake, basi. Nimepunguza kupika kutoka siku sita hadi tatu, na hizo tatu ni kwa sababu mama yangu hukaa naye, bibi wa miaka 75 anayekimbizana na mtoto darini.

Nilimpeleka kupimwa. Nikaambiwa, "Huyu ni mzima, ana tabia tu." Hilo "tu" ndilo lililonifungia kila mlango niliobisha baada ya hapo. Hana ulemavu, kwa hivyo hana kadi. Hana kadi, kwa hivyo hana msaada. Mshauri nasaha aliyetusaidia tumempata kwa njia ya simu, yuko Mombasa, na kila kikao nalipa kutoka mfukoni. Yeye ndiye aliyenifundisha nisiufunge mlango kwa komeo mbele ya mtoto, nimwambie kwanza, "Sasa nafunga, kesho alfajiri nafungua." Maneno matano. Tangu hapo hajapanda darini zaidi ya mara mbili. Nauliza: kama kikao kimoja kinaweza kufanya hivyo, kwa nini mlezi aliyebeba mzigo ndiye abebe na bili?

3. Karatasi.

Sitakaa sana hapa, maana kila mlezi nchini ana kisa chake. Mvulana aliletwa bila cheti cha kuzaliwa. Bila cheti, sikuweza kumwingiza kwenye bima yangu ya afya, ambayo sisi tusio na mshahara tunalipia mwaka mzima kwa pamoja. Miezi minane ilipita kabla cheti hakijatoka, na miezi hiyo tulilipa pesa taslimu. Kwenye vizuizi vya barabarani kati ya Witu na Garsen abiria hushushwa waonyeshe vitambulisho, askari huuliza, na ana haki ya kuuliza, "Huyu mtoto ni nani wako?" Naitoa barua ya malezi kwenye mfuko wa nailoni. Imekunjwa mara nyingi mpaka inakatika penye mkunjo. Mtoto anasimama pale anasikiliza jibu.

4. Mnataka watoto watoke kwenye makao, lakini nyumba za kuwapokea hamziandai.

Mkakati wa kitaifa wa kurekebisha malezi, wa 2022 hadi 2032, unasema watoto waondolewe kwenye makao ya watoto walelewe katika familia. Naunga mkono kwa mikono miwili. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeyatambua malezi ya kambo, na imeitambua kafala pia, yaani kulea mtoto asiye wako kwa utaratibu wa Kiislamu, jambo ambalo huku kwetu lilipokewa kwa furaha kwa sababu tulikuwa tukilifanya kabla halijaandikwa. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya chakula, makazi na matibabu, na kinasema maslahi ya mtoto yatangulizwe. Maandishi tunayo ya kutosha.

Sasa fikirini ni watoto gani wanaobaki mwisho kwenye makao. Mtoto mchanga mwenye afya atapata nyumba kesho. Anayebaki ni wa kifafa, wa selimundu, anayekojoa kitandani akiwa na miaka 12, anayevunja vitu. Hao ndio mtakaokuja kubisha nao milango yetu. Na nyumba ikishindwa, mtoto anarudishwa, na kila anaporudishwa anakuwa mzito zaidi kwa nyumba ifuatayo. Msichana wangu mimi ni nyumba yake ya nne.

Waheshimiwa, majibu mtakayonipa nayajua, kwa sababu nimeshapewa mengine kwa mdomo.

Mtasema hakuna fungu. Kwenye makao mtoto kama huyu huangaliwa na wanawake wa zamu, wa asubuhi, wa mchana na wa usiku, kila mmoja na mshahara wake, na mlinzi, na mpishi. Mimi ndiye zamu zote hizo na mpishi juu yake. Siombi mishahara yao. Naomba nauli ya mashua.

Mtasema watu watakimbilia watoto kwa tamaa ya pesa. Hofu hiyo si ya kubeza. Naijua nyumba ambayo mtoto alichukuliwa ili aoshe vyombo na kuchota maji. Lakini pale hapakuwa na ruzuku hata shilingi. Kilichokosekana ni mtu wa kuingia ndani kutazama. Njooni. Njooni bila kuniambia. Katika miaka hii yote nyumbani kwangu mmekuja mara mbili, na mara ya pili mlikuwa mnatafuta nyumba ya mtu mwingine.

Mtasema kila mzazi atadai mtoto wake ana tabia nzito. Basi pimeni kwa ngazi, kama wanavyofanya wengine. Afrika Kusini wana ruzuku ya mtoto wa malezi ya kambo, na wana ruzuku nyingine ya mtoto mwenye ulemavu mkubwa anayetunzwa nyumbani. Mlezi wa kambo mwenye mtoto wa namna hiyo anaweza kupata zote mbili. Nyumba inakula mara mbili na serikali haijaanguka. Marekani majimbo hulipa kiwango cha msingi, kisha nyongeza kwa uzito wa malezi, iwe uzito ni wa mwili, wa akili au wa hisia, na sheria ya kodi ya kule, kwa masharti yake, haiyahesabu malipo hayo ya ziada kuwa mapato. England wana kima cha chini kinachotazama umri wa mtoto na mahali anapoishi, kwa kuwa London ni ghali. Sisi hatuna London, tuna bahari. Mtoto mgonjwa wa Kizingitini, kisiwani Pate, hawezi kugharimu sawa na mtoto mgonjwa anayekaa mkabala na hospitali.

Na lipo jibu moja lililoniuma. Mkubwa mmoja, nilipomaliza kueleza, aliinua vidole viwili, cha shahada na cha kati, akaviweka pamoja, akatabasamu. Hapa Lamu hakuna asiyejua maana yake: mlezi wa yatima atakuwa karibu hivyo na Mtume peponi. Nikamwitikia, maana ni kweli na ndiyo sababu nilipokea watoto hawa. Lakini nilikuwa nimekwenda kuulizia haidroksiyurea. Thawabu siitafuti ofisini kwake.

Ninachoomba, pamoja na walezi wenzangu watano wa mitaa yetu ambao wameisoma barua hii kabla yenu:

(a) Nyongeza ilipwe kwa mtoto, si kwa kaya, kwa ngazi za uzito wa malezi, na kanuni ya nyumba moja ruzuku moja isimguse mtoto wa kulea.

(b) Tabia na majeraha ya moyo yahesabiwe kama maradhi yanavyohesabiwa. Wapimaji wawe afisa wa watoto, mwalimu, mshauri nasaha na mlezi mwenyewe, wakutane kila miezi sita. Mtoto akipata nafuu ngazi ishuke, nakubali, ila ishuke polepole. Msichana wangu ametulia kwa sababu niko nyumbani. Mkiniondolea nyongeza siku aliyotulia, nitarudi kuuza siku sita, naye atarudi darini.

(c) Nauli ya kliniki ya rufaa irudishwe kwa risiti. Mashua nyingi hazitoi risiti, kwa hivyo kubalini saini ya nahodha.

(d) Mtoto asiondoke ofisini kwenda nyumba ya mtu kabla ombi lake la cheti halijafunguliwa.

(e) Apatikane mtu aliyefunzwa wa kumshikia mlezi zamu, hata siku mbili kwa mwezi. Nikilazimishwa kuchagua moja kati ya haya matano, wenzangu watachagua (a). Mimi nitachagua hili. Sijahudhuria harusi wala matanga hadi mwisho tangu yule msichana alipofika.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, lenye jina la aliyeliandika. Kama jibu ni hapana, liwe hapana iliyoandikwa, tujue tunaipeleka wapi.

Jumanne ijayo ni kliniki, tutaondoka na mashua ya alfajiri. Mkipiga simu wakati huo mtanikosa, katikati ya mkondo simu haishiki. Pigeni tena mchana, au mwacheni mama ujumbe. Yeye yuko nyumbani, na mjukuu wake.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mlezi wa watoto wawili,
Langoni, Lamu